Iombee Kwanza: Mzee Micah Kibii na Ufunguo wa Maabara

Tarehe 30 Septemba 2025, Mzee Micah Kibii atafunga mlango wa maabara ya shule yetu kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kutumika hapa miaka thelathini na moja na miezi minane. Aliingia lango hili Februari 1994, wakati maabara ilikuwa darasa la kawaida lenye sinki moja na mfereji usiotoa maji. Leo ina meza kumi na mbili, gesi, maji, na kabati la kemikali ambamo kila chupa ina jina, tarehe na onyo, kwa ule mwandiko wake uliosimama wima kama askari wa gwaride.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa niaba ya wanafunzi kwa sababu mimi ndiye kiranja wa maabara. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mtu wa maneno. Nikiulizwa swali darasani, jibu langu huzimika kabla halijafika dawati la mbele. Lakini kalamuni najaribu. Na kuna jambo ambalo nisipoliandika hapa, wasifu huu utakuwa wa uongo, na Mzee Kibii si mtu wa kuagwa kwa uongo.

Nianze na yale ambayo kila mtu anayajua.

Mzee alizaliwa Kuresoi mwaka wa 1965, katika familia ya wakulima wa viazi. Alisomea kazi yake mjini Nakuru, akaajiriwa hapa kama fundi wa maabara, na hajawahi kufanya kazi mahali pengine. Katika mwaka wake wa kwanza shule haikuwa na vile vigoda vya chuma vya kuwekea chupa juu ya moto. Alichukua kitanda kilichovunjika bwenini, akakipeleka kwa mchomeleaji, akarudi na vigoda tisa. Vitatu bado tunavitumia. Ukivipindua utaona rangi ya samawati ya kile kitanda.

Kila mwezi wa Julai, baridi ya Molo inapoanza kuuma mifupa, yeye huvalisha sweta ya shule ule mfano wa mifupa ya binadamu unaosimama kwenye kona. Wasichana wa Kidato cha Kwanza wakiingia asubuhi hupiga mayowe. Yeye huwaambia, bila kutabasamu, kwamba huyo ni mwenzao aliyekataa kumaliza maharagwe. Sisi sote anatuita "mama", hata yule asiyefika urefu wa meza. Na ukiinamisha pua juu ya chombo chenye kitu usichokijua, utamsikia kutoka upande wa pili: "Mama, hiyo si chai."

Ana Biblia yenye tundu. Miaka mingi iliyopita tone la asidi liliidondokea ikiwa wazi mezani, likatoboa kurasa kadhaa za Zaburi. Anapoisoma hulazimika kukisia neno moja moja katika kila ukurasa. Husema asidi nayo ilikuwa na kiu ya neno.

Sasa kuhusu ufunguo.

Wengi wanaosoma haya hawajui jinsi mtihani wa vitendo wa Kemia unavyoandaliwa. Siku chache kabla ya mtihani, fundi wa maabara hupewa karatasi ya siri inayomwambia achanganye nini na nini, aweke kwenye chupa zipi. Kwa hiyo anajua mapema kitu ambacho watahiniwa hawakijui. Atakayeziona chupa hizo na kusoma karatasi hiyo atakuwa amefika nusu ya njia ya majibu. Katika siku hizo, mtu mmoja shuleni anabeba siri ambayo wengi wangependa kuipata.

Mzee Kibii hakubali kuibeba peke yake. Akimaliza kuchanganya hufunga maabara, huvuka uwanja hadi jikoni, na kumpa ufunguo Mama Celestine Nangila, mpishi wetu mkuu. Mama Celestine ameufunga kwenye kamba ya kiatu na huuvaa shingoni, chini ya aprona. Mzee akiuhitaji tena, hata kwa dakika tano, anakwenda kuuomba. Na hapo kuna sheria yao wawili. Hushikana mikono ufunguo ukiwa katikati ya viganja, hufumba macho, na anayepokea huomba kwa sauti, akimwambia Mungu anakwenda kufanya nini nao. "Bwana, nauchukua ufunguo huu nikaongeze maji katika chupa ya tatu. Mkono wangu upokee nilichopewa, usichukue zaidi. Amina." Haizidi hapo. Halafu Mama Celestine hurudi kwenye sufuria zake.

Inasemekana mwalimu mmoja aliwahi kumtania mbele ya wenzake: "Mzee, ina maana hujiamini?" Mzee akamjibu, "Kweli kabisa, mwalimu. Mimi na mimi tumejuana miaka mingi."

Inasemekana pia kwamba alikuja mzazi mwenye suti nzuri, akamvuta kando karibu na tangi la maji na kumwambia ana jambo dogo kuhusu karatasi ya Kemia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kofia na kusema, "Sawa. Tuliombee kwanza hilo jambo. Anza wewe." Yule mzazi alikumbuka ghafla kwamba ameacha gari wazi.

Tulikuwa tunacheka tukisimuliana hayo. Mimi pia nilicheka. Mpaka Julai ya mwaka huu.

Nataka kuwa muuguzi. Nimetaka hivyo tangu nyanya yangu alipolazwa Nakuru, wodini kila mtu akimwita kitanda namba tisa, akatokea muuguzi mmoja aliyemwita "mama" na kumuuliza amelalaje. Lakini kwa uuguzi lazima Kemia iwe angalau C, na mimi nilikuwa na D tangu Kidato cha Tatu. Wiki moja kabla ya mock, mtihani wa pamoja wa shule za eneo letu, Mwalimu Akoth wa Kemia aliniita akaniambia kwa upole kwamba nifikirie kozi nyingine. Ule upole wake ndio ulioniumiza.

Bwenini niliwaambia wenzangu wawili. Sitawataja, na wasitafutwe, kwa sababu miguu iliyotembea ilikuwa yangu.

"Wewe si kiranja?" mmoja akasema. "Mathe Celestine anakuamini. Mwambie tu mzee amekutuma."

"Huo ni wizi," nikasema.

"Wizi gani? Unaangalia chupa. Chupa ikiangaliwa inapungua?"

Yule wa pili akacheka. "Mwache, huyu ni mtakatifu. Atakuwa muuguzi wa malaika."

Mimi huhudhuria Umoja wa Wakristo, safu ya nyuma, karibu na dirisha. Najua mistari mingi. Najua ule unaosema kwamba Mungu ni mwaminifu, kwamba pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Nilikuwa nimeukariri tangu shule ya Jumapili. Alhamisi ile, chupa za mock zikiwa tayari zimefungiwa maabara, wakati wa chakula cha mchana nilivuka uwanja nikiwa na mstari huo kichwani, mzima, bila kukosea neno, na bado nilikuwa naenda jikoni kudanganya.

Kulikuwa na moshi na mvuke. Mama Celestine alikuwa anageuza githeri, mahindi na maharagwe ya siku zote, kwa ule mwiko wake mrefu. Nyongesa, anayetupasulia kuni, alikuwa mlangoni na shoka.

"Mathe, mzee amenituma ufunguo," nikasema. "Anataka nimwoshee vyombo."

"Amekutuma wewe? Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko anakula."

Alinitazama kidogo. Uongo ulikuwa umetoka kwa urahisi hivi kwamba nilijishangaa. Mimi ambaye siwezi kuomba ruhusa ya kwenda msalani bila kutetemeka, nilidanganya kwa sauti iliyosikika vizuri kabisa.

"Haya," akasema. Akaitoa ile kamba juu ya kitambaa cha kichwa. Lakini hakunipa. Aliegemeza mwiko, akapangusa mkono kwenye aprona, akaushika mkono wangu wa kulia, ufunguo ukiwa kati ya viganja vyetu. Ulikuwa na joto la kifua chake.

"Omba sasa."

"Mimi, mathe?"

"Anayepokea ndiye anayeomba. Kwani hujui sheria yetu? Mwambie Mungu unaenda kuufanyia nini."

Alifumba macho. Nyongesa naye akaweka shoka chini na kuvua kofia.

Nilikuwa sijawahi kuomba kwa sauti mbele ya mtu yeyote maishani mwangu. Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya Mama Celestine. Sikuwa nimejiandaa kwa Mungu. Nikaanza, "Bwana, nauchukua ufunguo huu..." Sentensi iliyobaki nilikuwa nayo, ilikuwa fupi, nikaoshe vyombo, basi. Nikaanza tena. "Bwana, nauchukua ufunguo huu..." Githeri ilikuwa inatokota. Hakuna aliyefumbua macho. Hakuna aliyenisaidia.

Mara ya tatu nilisema, "Bwana, mzee hajanituma."

Halafu nikasema, "Nisaidie." Sikuwa na lingine.

"Amina," akasema Mama Celestine. Aliuvaa ufunguo wake, akaurudisha chini ya aprona, akachukua mwiko. Nilingoja anipigie kelele. Aliniuliza, "Umekula?" Nikatikisa kichwa. Akanipakulia. "Kula kwanza. Ukimaliza mwendee mzee mwenyewe. Mimi sitamwambia. Hiyo ni kazi ya mdomo wako."

Mzee Kibii alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nje ya maabara na kikombe cha maziwa lala. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote, nikitazama viatu vyake. Aliweka kikombe chini. Nilipoinua macho nilimwona amegeuka kuutazama mlango wa maabara, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata kidogo. Kama siri ya chupa zile ingetoka, ni nani angeulizwa kwanza? Si mimi. Ni yule mtu mmoja aliyejua kilichomo. Miaka thelathini na moja bila doa, na miezi miwili tu kabla ya kwenda nyumbani, mimi ningempaka uchafu ambao asingeweza kuuosha.

Yeye hakulisema hilo. Aliniambia, "Keti, mama." Kisha akanisimulia habari ambayo amenipa ruhusa kuiandika.

Mwaka wa 2009 alikuwa amepanga nyumba karibu na Sachangwan. Jioni ile ya Januari lori la mafuta lilipoanguka, majirani walipita mbio wakiitana, wameshika ndoo na mitungi ya kuchotea petroli iliyomwagika. Naye akachukua mtungi. Mtu wa maabara, ambaye asubuhi ya siku iliyotangulia alikuwa amewafokea wasichana kwa kuwasha moto karibu na spiriti. Alijua mvuke wa petroli hufanya nini kuliko mtu yeyote katika barabara ile. "Nilijua, mama," akaniambia. "Na nilikuwa nimefika langoni. Nilirudi ndani kwa sababu moja tu. Nilikuwa nimesahau faneli ya kumiminia."

Mkewe, Mama Jepleting, alikuwa ameandaa meza akingoja kuombea chakula. Akamuuliza anaenda wapi na faneli. Akamwambia. Mkewe hakumkataza, alisema tu, "Basi iombee kwanza hiyo safari yako." Mzee alisimama pale na mtungi, akafungua kinywa, akakosa la kusema. Alijaribu tena, akakosa. Basi akaketi. Walikuwa katikati ya chakula dirisha lilipogeuka jekundu kwa moto wa lori.

Alikimbia kwenda kusaidia kubeba watu. Rafiki yake waliyeimba naye besi kanisani hakurudi nyumbani.

Nilidhani ataniambia kwamba Mungu alimwokoa kwa sababu alikuwa mwema. Alinikataza hata kufikiri hivyo. "Usimruhusu mtu yeyote akuambie wale walikuwa wabaya. Walikuwa watu wa shida kama mimi, na wengine walikuwa na imani kubwa kuliko mimi. Mimi sikushinda kitu, mama. Mimi niliulizwa tu. Tangu siku hiyo nimehakikisha kwamba kuna mtu wa kuniuliza."

Ndivyo nilivyojua kwa nini ufunguo hukaa kwa Mama Celestine. Nilikuwa nimedhani Mzee Kibii haanguki kwa kuwa ana imani kubwa. Kumbe imani yake iko katika kujua kwamba anaweza kuanguka, na kupanga watu njiani.

Aliniongoza mpaka kwa Mwalimu Akoth, lakini hakunisemea. Nilivuliwa ukiranja kwa mwezi mzima. Nilirudi jikoni kumwomba Mama Celestine msamaha, akaniambia kwamba amesamehe na kwamba kuna sufuria mbili zinaningoja. Mock niliifanya kama wengine, na Kemia nilipata D ya kujumlisha. Sikupata muujiza.

Nilichopata ni alasiri za Mzee Kibii. Tangu Agosti, kila Jumanne na Alhamisi, mlango wa maabara ukiwa wazi kabisa na Mwalimu Akoth akisahihisha madaftari meza ya mbele, mzee amenifundisha kudondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Mimi huwa na haraka, na rangi hunipita. Yeye husimama nyuma yangu na kusema, "Polepole, mama. Tone la mwisho ndilo linaloonekana, lakini yale ya kwanza ndiyo yaliyolileta." Katika jaribio la wiki iliyopita nilipata C ya kutoa. Bado sijafika. Ila safari hii kila alama naijua ilikotoka.

Kabla ya karatasi hii kwenda kuchapishwa niliipeleka kwake aisome. Mwalimu Akoth alikuwa ameniuliza mara tatu kama nina hakika, kwa kuwa wazazi pia watasoma, na Mwalimu Mkuu aliniambia uamuzi ni wangu. Mzee alisoma polepole, miwani kwenye ncha ya pua. Alikata neno moja tu. Mahali fulani nilikuwa nimemwita "shujaa". Akalipiga mstari, na juu yake akaandika, kwa ule mwandiko wa askari, "mtu".

Basi tunamshukuru mtu huyu. Tunamshukuru kwa vigoda vya kitanda na kwa sweta ya mifupa. Tunamshukuru kwa wauguzi, walimu na akina mama wa mashambani walioshika chombo cha kioo kwa mara ya kwanza mikononi mwake, na ambao hadi leo hawanusi kitu wasichokijua. Tunamshukuru kwamba kwa miaka thelathini na moja, hakuna mtihani wa maabara yetu uliowahi kutiliwa shaka. Na Mama Jepleting, tunakushukuru wewe kwa swali lako la jioni ile. Hukujua litasafiri mpaka jikoni kwetu.

Bwana Kipsang, anayechukua nafasi ya mzee, ameshaanza kazi na ameshafunzwa sheria ya ufunguo. Tunasikia kwamba mara ya kwanza aliomba kwa sauti ya chini sana, Mama Celestine akamwambia, "Rudia. Mungu amesikia, lakini mimi sijasikia." Ninamwelewa Bwana Kipsang. Atazoea.

Mzee anarudi Kuresoi kwenye viazi vyake. Wanafunzi tumemnunulia gambuti za kukanyagia matope na koti la mvua, na nimechaguliwa mimi kumkabidhi siku ya sherehe. Kwa kuwa anayepokea ndiye anayeomba, nadhani siku hiyo nitapona, sitahitaji kusema kitu.

Lakini Novemba nitahitaji. Mwezi huo tutapanga foleni nje ya maabara kwa ule mtihani wenyewe wa taifa, na atakayepewa karatasi ni mimi. Wewe, Mzee, utakuwa umeinama shambani na jembe. Tunakuombea mvua ya kiasi, magoti yasiyouma, na jioni ndefu mezani pamoja na Mama Jepleting. Na asubuhi hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu. Nitasimama mlangoni kabla ya kuingia na nitasema, kwa sauti ambayo hata safu ya nyuma itaisikia: Bwana, naipokea karatasi hii. Mkono wangu upokee nilichopewa, usichukue zaidi.

Amina nitaisema mwenyewe.

Immaculate Cheruto
Kidato cha Nne, kiranja wa maabara